Nairobi mtu akikuambia "I'm coming" ujue anaondoka. Hii ilianzia wapi?

#1 Binti wa Chumbageni
Habari zenu wanajukwaa. Mimi ni Mtanga, niko Nairobi wiki ya saba sasa. Ofisi imenileta kusoma Kiingereza miezi mitatu. Kazi yetu ni ya bandarini, wateja wa nje wanaongezeka, bosi akaona nije huku ambako, kwa maneno yake, "hata muuza karanga anakiongea".

Naomba mnisaidie. Juzi nilikwenda Luthuli Avenue kubadilisha kioo cha simu. Kijana kaipokea, kaifungua, kaigeuza huku na huku, kisha kanitazama usoni na kusema "I'm coming". Huyo, akatoka na simu yangu mkononi. Nikabaki nimesimama na mkoba. Anakuja wapi, naye alikuwa mbele yangu? Nikasema leo nimeibiwa na mtu mwenye adabu zake. Dakika ishirini baadaye karudi na kioo kipya, akanikuta nimeshamkusanyia majirani na machozi yako karibu. Akacheka: "Si nilikuambia nakuja?"

Tangu siku hiyo nahesabu. Mwalimu akitoka kupokea simu, "I'm coming". Mama wa kantini akifuata sukari, "I'm coming". Kitabu chetu cha darasani kinasema ukitoka kidogo useme "I'll be right back", na sijamsikia mtu hata mmoja Nairobi akiitamka. Hiki ni Kiingereza cha wapi, na kilianzaje? Kama mna nyingine za namna hii nipeni kabla sijaaibika tena.

#2 Msee wa Umo
Karibu Nairobi siste. Hiyo ni Kiswahili imevaa suti. "Nakuja." Kwani huko Tanga mkitoka kidogo mnasemaje?

#3 Binti wa Chumbageni
Tunasema "nakuja sasa hivi", kweli. Ajabu ni kwamba kwa Kiswahili haijawahi kunishtua. Nilivyoisikia kwa Kiingereza ndipo nikaona kumbe haina miguu.

#4 Mwalimu Mstaafu
Nimefundisha Kiingereza sekondari miaka mingi, kalamu nyekundu imeniishia kwenye sentensi hiyo. Kwa Mwingereza, "come" ni kusogea kuelekea kwa anayesema au anayesikiliza. Ukimwita mtu jikoni, atajibu "I'm coming" akiwa njiani kuja kwako, na hapo ni sahihi. Lakini mtu anayekupa mgongo hawezi kuwa "coming". Sisi tunaposema "nakuja" tunaruka safari ya kwenda, tunataja ya kurudi peke yake. Kwenda hakukuhusu wewe unayengoja. Kurudi ndiko kunakuhusu. Kwa hiyo Msee wa Umo yuko sawa, ni tafsiri ya moja kwa moja.

#5 Nyar Kisumo
Tafsiri sawa, lakini ya Kiswahili kwa nini? Nyumbani mtu akitoka nje kidogo anasema "abiro". Nakuja. Nilikua nikisikia hivyo kabla sijajua Kiswahili hata cha kununulia mkate. Wajaluo ndio tulipeleka Kiingereza hapo, mnajua tunavyokipenda.

#6 Wa Murang'a
Hehe #5 mmeanza. Hata sisi tuko na "ninguka", mtu anakwambia huku anafunga mlango. Kila kabila itakuja hapa na yake.

#7 Kijana wa Thika
Kila kabila itakuja hapa, ama itaondoka?

#8 Aliyekaa Kumasi
Nawapotezea muda wote. Nimekaa Ghana miaka mitatu. Kule mtu anakwambia "I'm coming" anatoka, anapanda gari, unamuona kesho. Wanigeria nao hivyo hivyo. Hawajui Kiswahili, Kijaluo wala Kikuyu. Sasa mtaeleza vipi?

#9 Babu wa Kaloleni
Wajukuu, sikilizeni. Baba yangu alikuwa mpishi wa Mzungu, mtaa wa Muthaiga, kabla ya uhuru. Mzungu akipiga kengele, jibu lilikuwa moja tu: "Coming, sir!" Uwe umeshika sufuria, uwe uani unavuta sigara yako, unajibu kwanza halafu unamaliza ulichokuwa unafanya. Basi likawa neno la kumtuliza mtu anayekungoja. Ghana walikuwa na Waingereza hao hao. Hapo ndipo lilipotoka.

#10 Wa Murang'a
Babu heshima zako, lakini hiyo umeipika saa hii kwa sufuria ya mzee wako.

#11 Babu wa Kaloleni
Nimeipika, na imeiva kuliko ile yako #6.

#12 Mwana wa Pate
Kwetu visiwani "naondoka" ni neno zito. Anayeondoka ni maiti. Bibi yangu alikuwa hakubali mtu atoke nyumbani kwa kusema "naenda" akanyamaza, lazima umalizie "na kurudi". Ni kama usiku: nyoka haitwi nyoka, anaitwa kamba. Neno baya usilitie mdomoni mlangoni. Kwa hivyo wanaosema "nakuja" wanaukinga mguu wao, hata kama wenyewe wameshasahau.

#13 Binti wa Chumbageni
#12 umenigusa. Bibi yangu mimi naye kuna maneno alikuwa hayataji usiku. Lakini yule kijana wa Luthuli sidhani alikuwa anakinga kitu. Alikuwa anakimbilia kioo kabla duka la pili halijafungwa.

#14 Mpangaji wa Kasarani
Wacha nilete yangu. Naishi ploti moja na Mhabeshi wa Addis Ababa aliyekuja kusoma Kiingereza kama wewe. Siku moja anapita hapo Archives, anakutana na mwenzake wa darasani hawajaonana wiki mbili. Mwenzake anamfungulia mikono: "You are lost!" Jamaa akasimama, akatoa simu, akafungua ramani, akaanza kumuonyesha: hapa ni Moi Avenue, pale ni Tom Mboya, mimi natoka Ambassadeur. Aliporudi nyumbani bado amekasirika. "Miezi mitano niko hapa, bado wananiona sijui njia?" Nilimweleza ni "umepotea" tu, yaani nimekukosa. Akauliza, kama umenikosa mimi, mbona aliyepotea ni mimi?

#15 Nyar Kisumo
😂😂 Swali la maana hilo. Wewe hukunitafuta, kosa linakuwa langu.

#16 Mpangaji wa Kasarani
Kitu kimoja kilichokuwa rahisi kwake ni saa. Darasa likiwa saa mbili asubuhi hakuchanganyikiwa hata mara moja. Wahabeshi wanahesabu kama sisi, jua likichomoza ndipo saa zinaanza. Kilichomsumbua ni mwalimu aliyesema "eight". Kilichommaliza kabisa ni hoteli. Mhudumu alimuuliza, kwa Kiingereza safi, "Soda, hot or cold?" Aliniambia aliogopa kusema "hot" wasije wakamchemshia kola kwenye sufuria ya chai.

#17 Msee wa Umo
Kwani soda moto ni nini kama si soda moto?

#18 Mwalimu Mstaafu
#17, ni soda ambayo haijaingia friji. Moto hauna. Kwa Kiswahili tunaelewana. Kwa Kiingereza umemuahidi mtu mvuke.

#19 Aliyekaa Leeds
Nimesoma kimya mpaka hapa. Nilikaa Uingereza kaskazini miaka sita na nataka kuwatetea watu wa Nairobi. Wiki ya kwanza kazini kila mtu ananiuliza "You all right?" Nikadhani naonekana mgonjwa. Siku ya tatu nikaamua kumjibu mmoja vizuri: mafua, mgongo, usingizi hauji. Aliendelea kutembea. Hata hakusimama. Kumbe ilikuwa "mambo", basi. Halafu nikaalikwa "tea" saa kumi na moja jioni. Nikala nikashiba nyumbani, nikaenda kunywa chai. Nikawekewa viazi, nyama na mchuzi. Kule kaskazini watu wengi "tea" ni chakula cha jioni. Na ukimshikia mtu mlango anakwambia "cheers", nami nilikuwa najua hilo ni la glasi za pombe. Kwa hiyo wenye lugha nao wanayo mambo yao. Kitabu cha darasani hakimjui mtu yeyote.

#20 Binti wa Chumbageni
Chai! Asante kwa kunikumbusha. Kwetu ukisema chai unaletewa ya rangi, ukitaka maziwa unataja. Hapa nimeagiza "tea" ikaja nyeupe, maziwa yamechemka pamoja na majani. Nikasema samahani nimeagiza chai. Mhudumu kanitazama, kaitazama chai, kanitazama tena. "Ndio hiyo."

#21 Malkia wa Gikomba
Hiyo ni chai. Ile yako ni strungi. Uliza strungi utapata.

#22 Kijana wa Thika
Hapo #20 umesema "samahani nimeagiza chai". Wewe unaonekana ule mtu wa "naomba".

#23 Binti wa Chumbageni
Hilo nalo ni lenu. Siku ya kwanza nimefika kibandani, nikasema "naomba chapati mbili na maharage". Yule dada akageuka akamwambia mwenzake, "Huyu ni wa Tanzania", hata kabla hajanipa. Mwenzake akatoka nyuma kuja kuniona! Nyuma yangu akafika mwanamume: "Leta chapo madondo." Akaletewa kwanza yeye.

#24 Msee wa Umo
Si umuombe chakula kama wewe ndio unalipa? Unaomba kitu ya bure.

#25 Mwana wa Pate
#24 ndiyo maana mnaambiwa Kiswahili kilizaliwa Lamu, kikaugua njiani kikafika Nairobi hakina nguvu. Kuomba si kukosa pesa. Ni kumtambua yule aliyesimama mbele yako.

#26 Mwalimu Mstaafu
Tusiwe wakali. Watu wengi wa Nairobi wamejifunza Kiswahili kama lugha ya pili, nyumbani wana lugha yao, na katika lugha nyingi za bara amri haina ukali ule. Upole unakaa kwenye sauti na kwenye viambishi. Ukilihamisha neno peke yake, sauti inabaki kijijini.

#27 Malkia wa Gikomba
Mwalimu mimi nakataa. Niko sokoni miaka kumi na moja na sababu ni haraka tu. Mtu ana dakika kumi za lunch, atasema naomba saa ngapi? Ukitaka kuona heshima ya Nairobi angalia tunavyoitana. "Kastoma wangu", "mresh", "mum", "siste". Mtu sijawahi kumuona, tayari ni mum. Na kuna "nisaidie". "Nisaidie na hiyo sweta." Hiyo ni naomba yetu.

#28 Aliyekaa Leeds
#27 na ndiyo maana kwa Kiingereza Mnairobi anasema "Assist me with a pen". Mwingereza akiisikia anafikiri kalamu ni nzito.

#29 Wa Murang'a
Afadhali "assist me". Kuna "borrow me your pen". Mwalimu, kalamu nyekundu iko wapi?

#30 Mwalimu Mstaafu
Ilikwisha wino kwenye hiyo. Lakini kosa lina akili. Kiswahili kina "azima", na inakwenda pande zote mbili: naazima kalamu kwako, na wewe uniazime. Kiingereza kimeyatenganisha maneno mawili kwa kazi ambayo sisi tumezoea kuifanya kwa moja. Mtoto anachukua moja, anaacha lingine shuleni.

#31 Nyar Kisumo
Na mbona ukimwambia mtu "Hi" anakujibu "Fine"?

#32 Mpangaji wa Kasarani
Ile mimi nadhani inatoka shule ya msingi. Mwalimu akiingia, "Good morning class", mnasimama mnaimba mpaka mwisho: "Good morning teacher, we are fine thank you". Hata hakuwauliza!

#33 Mwana wa Pate
Ni "hujambo" hiyo. Salamu kwetu ni swali na lina jibu lake. "Hi" ni mlango usio na kitasa. Watu wameutia kitasa.

#34 Binti wa Chumbageni
Na "sorry"? Nilidondosha daftari pale Tom Mboya, watu watatu wakaniambia "sorry", mmoja yuko ng'ambo ya barabara. Mimi ningewajibu "asante" kwa sababu najua ni "pole". Lakini mwenzangu wa darasani, Mrundi anayefikiri kwa Kifaransa, aliwajibu wote "It is not your fault". Mmoja mmoja, kwa zamu.

#35 Aliyekaa Leeds
Mwambie asihangaike. Mwingereza ukimkanyaga wewe, anayesema "sorry" ni yeye.

#36 Konda wa 125
Nyinyi nyote mnaongea Kiingereza ya ofisi. Kujeni steji. Mgeni akifika Railways anasikia "jam", anadhani tunauza mkate. Anasikia "bado mmoja twende", anaingia anapata gari tupu. Anaambiwa "mguu wa kushoto", anaangalia miguu yake kama ziko tatu.

#37 Binti wa Chumbageni
#36 mguu wa kushoto nimeusikia! Nilikuwa nashuka Ngara, konda kanishika kiwiko, "siste kushoto, kushoto". Nikafikiri ananielekeza njia. Nikashuka, nikaenda kushoto. Nilikuwa naenda kulia.

#38 Kijana wa Thika
Nimekufa 😂

#39 Wa Murang'a
Shosho yangu alisema ni baraka. Ukishuka na kulia unaacha bahati kwa gari.

#40 Konda wa 125
Hakuna baraka hapo. Mlango wa matatu uko upande wa kushoto. Saa zingine gari haijasimama kabisa, inapunguza tu. Ukitangulia na kushoto, kifua kinaangalia mbele, gari inakosonga, unakimbia hatua mbili unasimama. Ukitangulia na kulia mwili unageuka, unaangalia nyuma, unalala kwa lami. Mimi nimeona mtu na mayai trei mbili akishuka na kulia. Trei moja ilibaki na mayai nne. Alitaka nimlipe. Nikamwambia nilisema kushoto.

#41 Mwalimu Mstaafu
Hiyo ndiyo fizikia niliyotaka kuisikia shuleni.

#42 Nyar Kisumo
Konda, na matatu inaitwa matatu kwa nini? Nilisikia ni kwa sababu ya viti safu tatu.

#43 Babu wa Kaloleni
Safu tatu ni ya kuambiwa watalii. Nauli ilikuwa senti thelathini, sarafu tatu za senti kumi kumi. Wakikuyu walikuwa wanasema "mang'otore matatu". Manamba anaita "matatu! matatu!", jina likabaki, nauli ikakimbia. Zilikuwa magari ya wizi wa njia, polisi wanazifukuza, mpaka 1973 Mzee Kenyatta aliporuhusu zibebe watu.

#44 Msee wa Umo
Na 2003 Michuki, waziri wa uchukuzi, akazitia adabu. Mikanda, abiria kumi na wanne, mstari wa njano.

#45 Kijana wa Thika
2004 bro. Nakumbuka Februari hiyo, tulitembea mpaka shule kwa sababu magari zote zimeegeshwa.

#46 Konda wa 125
Nyote mko sawa, acheni kupigana. Notisi ilitoka 2003, ikaanza kuuma Februari 2004. Baba yangu alikuwa konda, hiyo wiki tulikula githeri bila chumvi.

#47 Malkia wa Gikomba
Tumetoka kwa "I'm coming" tumefika kwa githeri. Binti, kabla hujarudi Tanga uje Gikomba, soko letu la mitumba, lakini jua maneno. Ukiambiwa "hii ni kamera" usipange uso kwa picha. Kamera ni ile nguo ya kwanza kabisa kwa beli, haina doa, haina tundu, ukiiosha unasema umenunua dukani. Ya mwisho inaitwa fagia. Hiyo inamwagwa chini wenyewe mnachagua. Ukifika mapema unapata kamera kwa bei ya kamera. Ukifika jioni unapata fagia, na mtu atakuapia ni kamera.

#48 Aliyekaa Kumasi
Kamera imetoka wapi?

#49 Malkia wa Gikomba
Si ni nguo ya kupigia picha?

#50 Wa Murang'a
Mimi nilisikia ni kwa sababu inaonekana kwa jicho moja tu.

#51 Babu wa Kaloleni
Hiyo sijui hata mimi. Ila nitapika kitu.

#52 Binti wa Chumbageni
Malkia nakuja Jumamosi, nakuja ya kweli. Nilipe vipi, mnapokea fedha taslimu?

#53 Malkia wa Gikomba
Tuma kwa M-Pesa. Na uweke na ya kutoa.

#54 Binti wa Chumbageni
Hiyo haihitaji kutafsiriwa. Kwetu ni "na ya kutolea". Mpaka wa Horohoro haujaizuia.

#55 Mrundi wa Kayole
Samahani nimechelewa kwa huu uzi. Ni mimi yule wa "It is not your fault", Binti amenionyesha. Nataka kusema kitu juu ya #1. Mimi "I'm coming" imenisaidia. Mwenye nyumba akija kutafuta kodi, nasema hivyo natoka kwa mlango wa nyuma. Hawezi kusema nilidanganya.

#56 Babu wa Kaloleni
Mnaona? Ndiyo ile ya mpishi. Neno la kumtuliza anayekungoja. Nimeshinda.

#57 Mwana wa Pate
Hujashinda. Huyo anaukinga mguu wake kama nilivyosema.

#58 Nyar Kisumo
Abiro. Imeisha.

#59 Mwalimu Mstaafu
Ghana bado haijajibiwa na nyote.

#60 Kijana wa Thika
Na mimi nimegundua kitu. #1 ameanza "naomba mnisaidie", amemaliza "nipeni". Wiki saba tu. Wiki ya kumi na mbili atakuwa anasema "leta".

#61 Binti wa Chumbageni
Jamani! Nimerudi kuisoma na ni kweli. Mama asione huu uzi.

Asanteni, nimecheka na nimeandika daftari kurasa mbili. Sasa nina la dharura. Niko Railways, naenda Rongai kumuona mwenzangu wa darasani, na mvua imeanza. Nauli asubuhi ilikuwa imebandikwa kwenye kioo. Sasa karatasi imetolewa. Nikiuliza bei konda hataji.

#62 Msee wa Umo
Mvua ikinyesha nauli haina mwenyewe. Konda wa 125, hiyo ni njia yako ya Rongai, jibu mtu wako.

#63 Konda wa 125
Mimi leo niko off. Lakini atakwambia "ingia kwanza tutaongea mbele". Usiingie kabla hajataja, mbele ni Lang'ata Road na utakuwa umeshakaa.

#64 Binti wa Chumbageni
Nimeshaingia. Amesema "bado mmoja twende". Humu ndani tuko watatu.

#65 Malkia wa Gikomba
Hao wengine wawili wana mizigo? Angalia vizuri. Kama wamekaa karibu na mlango na hawana hata mfuko, hao hawaendi Rongai. Wamewekwa hapo gari ionekane ina watu.

#66 Binti wa Chumbageni
Hawana mfuko. Mmoja anaongea na konda kama ndugu yake.

Mwingine ameshuka sasa hivi. Nikamuuliza, "Kaka, huendi?"

Amesema anakuja.